Kiapo cha Bata

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nimekula bata peke yangu. Bata mzima! Wala sikusikia ladha yake.

Niandike kwa mpangilio, kama manahodha. Kitabu chenyewe hiki ni cha nahodha, nilikipata kwa Mgiriki mmoja, tukabadilishana na kisanamu cha farao wa shaba aliyevunjika pua. Mgiriki alishuka ngazi anacheka, akidhani yeye ndiye amenipiga. Maskini.

Baada ya sala ya Ijumaa nilimleta Fathi nyumbani. Fathi ndiye fundi wa injini ya boti yangu, rafiki tangu tulipokuwa watoto wa kuruka majini pale gatini. Feryal mke wangu alikuwa amepika bata, kamjaza vitunguu na maini, na wali, na mlenda wa kitunguu saumu unaonukia mpaka ghorofa ya nne. Kwa Zaghlul mgeni haondoki na njaa. Port Said nzima inalijua hilo. Hata meli zinalijua.

Fathi akakaa. Shavu limevimba kama kaficha ndimu. Akanena kitu, mm-mm, sikukielewa. Nikamwekea paja. Akaisukuma sahani. Nikairudisha. Akaisukuma tena. Mimi! Kwenye meza yangu! Nikasimama, nikapiga meza vijiko vikaruka:

“Talaka juu yangu, Fathi, usipokula paja hili!”

Kumbe asubuhi kang'olewa jino. Maskini alijaribu. Aliitia nyama mdomoni, macho yakamtoka, akaitemea mkononi, akakamata viatu vyake na kukimbilia ngazini kwa soksi.

Feryal akatoka jikoni anajifuta mikono.

“Kwa hiyo,” akasema, “nimeachwa kwa paja la bata.”

Nikacheka. Hakucheka. Alizima gesi. Akaufunika mlenda. Akamwambia binti yetu Nihal kwamba namba ya muuza mitungi iko nyuma ya mlango wa jikoni. Akavaa viatu vya kutokea. Hakulia, hakupiga kelele, hakuvunja hata kikombe. Mlango aliufunga taratibu — laiti angeubamiza!

Amevuka mfereji, yuko Port Fuad kwa kaka yake Metwalli. Atarudi kesho. Namjua mke wangu. Hawezi kulala bila kunisikia nikikoroma.

Jumamosi, 13 Aprili

Hakurudi.

Nimemwambia Nihal: mama yako ana kichwa kigumu kama punda wa Metwalli. Nihal akafungua kitabu. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, mitihani ya taifa Juni, siku hizi anatembea na vitabu kama wengine wanavyotembea na simu. Jioni akaja na neno la Kiingereza. Mwalimu wao, Bi Gihan, amewapa kila mmoja neno alifafanue na kulitumia kumwelezea mtu anayemjua. Yeye kaangukiwa na “resolute”.

Nikajinyoosha kitini. Hapo amefika kwangu! Sisi bambuti, wachuuzi wa melini, Kiingereza tumekipanda kwa kamba. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nimebishana bei na Wahindi, Warusi, Waingereza, na Mnorwe mmoja aliyelia.

“Neno hilo nalijua,” nikamwambia. “Niliwahi kuuza ngamia wa ngozi kwenye meli yenye jina hilo. Herufi nyeupe, kila moja kubwa kama mlango wetu. Maana yake mbabe. Mtu akisema, amesema. Akipiga meza, watu wanakula.”

Nihal akafungua kamusi, akasoma kwa ule upole wa mama yake unaonitisha. Akasema kumbe ni mtu aliyeamua jambo akalishikilia, na hatikisiki hata mambo yakiwa magumu.

“Si ndiyo mimi!”

“Sidhani, Baba. Bi Gihan anasema ni neno la sifa. Punda aliyegoma njiani hupewi ruhusa ya kumwita hivyo, ana neno lake jingine. Hili ni la mtu aliyefikiri kwanza. Mgonjwa anayekataa dawa kwa sababu inanuka, huyo siye. Aliyeacha sigara, halafu akakasirika, na bado hakuvuta — huyo ndiye.”

Nilikuwa na sigara mkononi. Nikaizima kama vile imeisha yenyewe.

Kisha nikamuuliza, je, kupiga meza? Akafikiri. Akasema neno lenyewe halina kelele. Unaweza kulitumia kwa uso wa mtu, kwa jibu lake, hata kwa ukimya wake.

Ukimya! Tangu lini ukimya ukawa ushujaa? Waingereza hawa.

Jumapili, 14 Aprili

Nimefanya jambo la kijinga. Naliandika haraka kabla sijalipamba.

Nimenyoa, nimejipulizia manukato ya baharia mmoja Mfaransa, nimepanda kivuko. Nyumba ya Metwalli iko juu ya duka lake la samaki wa chumvi. Msimu wenyewe ndio huu, Sham el-Nessim, sikukuu yetu ya machipuko, inakaribia, watu wamejaa, harufu inakushika shati. Nikasimama chini ya dirisha. Watu wananitazama. Mimi nikitazamwa nazidi kuwa hodari, ndio ugonjwa wangu.

“Mama Nihal! Nimekosa! Sikia mbele ya watu hawa wote: talaka juu yangu, siapi tena kwa talaka!”

Mzee mmoja akabaki na samaki hewani. Juu, dirisha likafungwa. Taratibu.

Metwalli akatoka, aproni imelowa, mikono ya chumvi. Ni mtu mkubwa, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Ananipenda, na ndiyo maana ananiambia kweli.

“Shemeji,” akasema, “hilo ulilifikiria kabla, au limekutoka tu?”

“Limenitoka.”

“Nilijua. Nenda nyumbani. Chukua samaki.”

Nimerudi na samaki.

Jumatatu, 15 Aprili

Sina usingizi. Nimekumbuka: na kama kweli nimemwacha? Fathi hakula. Kiapo kimevunjika! Kicheko chote kimeniishia tumboni. Miaka yote hii na Feryal, kitanda kile, mabishano yale ya chumvi — niwe nimeyamaliza kwa paja la bata?

Nimemfuata Fathi karakana, nikamshika kola.

“Siku ile uliramba?”

“Niliramba nini?”

“Mafuta! Mchuzi! Kitu chochote cha bata kilipita kooni?”

Akakuna kichwa. Labda mchuzi kidogo, akasema, pamoja na damu. Kuramba ni kula! Nikambusu. Halafu akaharibu: “Lakini niliutema, Zaghlul.” Huyu mtu injini tu ndiyo anayoijua.

Kesho naenda kwa shekhe.

Jumanne, 16 Aprili

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!

Bado nina mke!

Ofisi ya fatwa, foleni hadi mlangoni. Shekhe kijana, miwani, kalamu mbili mfukoni. Nilitaka nimweleze kwa kunong'ona, lakini mimi kunong'ona sikuumbiwa. Akaniuliza: wakati unatamka, ulikusudia kumwacha mkeo?

“Shekhe wangu, nilikusudia bata!”

Foleni ikavunjika mbavu. Yeye mwenyewe akavua miwani akaifuta. Akaniuliza tena, kwa makini, mara hii bila kucheka. Nikamjibu bila kucheka. Sikukusudia kumwacha. Sijawahi kukusudia, hata siku moja, hata alipoitupa redio yangu.

Akasema basi hakuna talaka. Mtu akitamka hivyo ili kumshurutisha mwenzake afanye jambo, bila nia ya kuacha, ndoa iko palepale. Ila ni kiapo na nimekivunja: nilishe maskini kumi. Nikamwambia na kile cha Jumapili, cha chini ya dirisha. Akanitazama sana. Hicho, akasema, bado hujakivunja. Kishike.

“Na ukitaka mgeni ale,” akaniambia nikiwa naondoka, “mwambie karibu. Inatosha.”

Nimetoka pale mwepesi kama nimeshusha jokofu ghorofa tano. Nimembusu muuza mkate. Nimembusu askari wa barabarani, akanifukuza. Kesho namchukua mke wangu!

Jumatano, 17 Aprili

Sikumchukua.

Lakini sina huzuni ile ya Jumatatu. Ngoja niandike vizuri.

Alishuka mwenyewe mpaka dukani. Kavaa gauni la kijani la wifi yake Insaf, mke wa Metwalli. Nikamweleza ya shekhe, mpaka kicheko cha foleni nikakiigiza. Akanisikiliza hadi mwisho.

“Hayo nayajua tangu mwaka jana,” akasema.

“Unayajua vipi?”

“Ulipomwapia muuza matikiti. Kesho yake nilikwenda mwenyewe kumuuliza shekhe. Kanijibu hivyohivyo.”

Nikaketi juu ya pipa la samaki.

“Sasa uliondoka kwa nini, mwanamke?”

“Kwa sababu nimechoka kuwa sahani, Zaghlul. Kila mgeni akija unanisukuma mbele yake, kula, kula. Nilikwambia baada ya tikiti. Nikakwambia baada ya yule Mrusi, ambaye hata hakujua umemwambia nini. Nikakwambia sikukuu ya mwaka huu, tukiwa mimi na wewe, nikakushika mkono: ukirudia tena nitatoka humu ndani. Wewe ulisema sawa, ukaomba chai. Umesahau. Mimi sikusahau.”

Ni kweli. Chai naikumbuka. Mkono siukumbuki.

“Utarudi lini?”

“Nitakapoacha kulisikia hilo neno lako la talaka.”

“Utalisikiaje ukiwa huku ng'ambo?”

Metwalli akaangua kicheko toka nyuma ya mapipa: “Shemeji, sauti yako inavuka mfereji bila kivuko!”

Hata Feryal alicheka. Nimeliona jino lake la pembeni. Halafu akapanda juu.

Kwenye kivuko nikawa nachekacheka peke yangu kama mwendawazimu. Hakuniacha. Wala hajasema hatarudi. Ana hasira, ndiyo, lakini ni hasira ya mwenye nyumba!

Ijumaa, 19 Aprili

Nimewalisha maskini kumi msikitini. Mmoja hakutaka kuongezewa. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, mdomo ukafunguka — nikaufunga. Nikasema, “Karibu.” Akasema ameshiba. Nikasema haya.

Dunia haikuanguka.

Jumatatu, 22 Aprili

Wenzangu mkahawani wananichokoza. Wameweka dau la sharubati kwamba sitafika Ijumaa bila kuapa. Leo kwenye dhumna Fathi kaniibia jiwe waziwazi na kunitazama usoni.

“Apa kwamba nimeiba!”

“Umeiba.”

“Apa!”

“Umeiba, Fathi. Nimemaliza.”

Wakangoja. Wamezoea baada ya hapo nizungushe kiti, nitaje talaka, kichwa cha mama yangu, macho yangu mawili. Nilinyamaza. Ilikuwa kama kuzuia chafya. Fathi akaanza kutikisa mguu, akatazama huku na huku, mwisho akalitoa jiwe mkononi na kuliweka mezani.

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Maneno mawili tu na mwizi anarudisha! Huko nyuma nilikuwa napoteza pumzi nyingi bure.

Melini pia. Mpishi Mfilipino kaniuliza hiyo ndiyo bei ya mwisho? Nikasema ndiyo. Nikatazama bahari. Akanunua shali mbili, moja ya mama mkwe.

Alhamisi, 25 Aprili

Nihal karudi na alama nzuri sana kwa lile neno lake. Nikamwambia nisomee, na unitafsirie, maana leo macho yanauma (hayaumi).

Ameandika juu ya mama yake! Kaandika: mama yangu ni resolute. Alisema atafanya jambo gumu iwapo kosa litarudiwa. Lilirudiwa, akalifanya, ingawa halimfurahishi, na kila siku ananipigia simu kuuliza kama baba amekula.

Kila siku! Sikujua.

Nikabisha kidogo, kwa ajili ya heshima. Nikasema huo ni ukaidi, wewe umempambia tu kwa sababu ni mamako. Nihal akasema hapana, hata yeye alijiuliza. Tofauti, alivyoelezwa na Bi Gihan, ni kwamba mkaidi hata ukimpa anachotaka hajui apumzikie wapi, kwa sababu alichokuwa anakitaka ni kubishana. Mwingine huyu anajua anataka nini. Siku akikipata anaketi. Na unaweza kusema naye. Anasikiliza, ila hasogei.

“Na mimi? Hukuniandika?”

“Nimekutumia kwenye neno la wiki iliyopita.”

“Lipi?” Nangoja tusi.

“Mkarimu.”

Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumapili, 28 Aprili

Vijana wa mtaa wametengeneza masanamu ya kuchoma kesha la Sham el-Nessim kama kila mwaka. Mojawapo lina bata kwapani. Ni mimi! Masharubu wamenipunja. Nimewapelekea soksi wayajaze vizuri. Mtaa wetu una wenye maduka, una daktari, una mwanasheria — nani mwingine kati yao ametengenezewa sanamu?

Feryal ametuma salamu kwa Nihal: kesho tuvuke, tule nao bustanini.

Kanialika! Nimepiga pasi shati mwenyewe. Nimeliunguza. Nimepiga jingine.

Jumatatu, 29 Aprili

Naandika mchana huuhuu, kalamu inateleza, nyumba ina kelele — na kelele tamu. Lakini nianze mwanzo.

Port Fuad nzima ilikuwa kwenye majani. Mikeka, mayai ya rangi, vitunguu vya majani, samaki wa chumvi wa Metwalli ambaye ukimla kizazi kizima kinajua. Feryal kaniambia karibu, kanipa nafasi pembeni ya Nihal. Si pembeni yake. Sawa. Tukala. Kaniuliza shati lile jingine liko wapi. Nikasema limeungua. Akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika.

Mambo yalikuwa yanakwenda yenyewe! Halafu Metwalli, kwa huo wema wake, akasimama kati ya mikeka na kupiga makofi. Majirani wakageuka.

“Jamani, leo tuyamalize! Dada yangu anarudi kwake. Shemeji, simama uape mbele ya watu kwamba hutamvunjia heshima tena.”

Wote: “Apa! Apa Zaghlul, tumalize!”

Nikasimama. Mdomo umejaa maji. Najua viapo vitamu mimi, vya kuwaliza wanawake. Nikamtazama Feryal. Anamenya yai, haniangalii.

“Siapi,” nikasema. “Nimesema nitamheshimu. Nitamheshimu.”

“Apa basi!”

“Hapana, Metwalli.”

Miguu ilikuwa inanitetemeka. Baadaye kivukoni nilimwambia Nihal, nadhani nilikuwa namwogopa mama yako tu. Akasema lile neno la Bi Gihan haliangalii magoti.

Metwalli akawa mwekundu. Kaona nimemdharau mbele ya majirani na wateja. “Unakataa? Neno dogo kama hilo unamnyima dada yangu? Basi hatoki! Talaka juu yangu, leo Feryal hatoki Port Fuad!”

Kiapo kilekile! Nakwambia, neno kwa neno.

Insaf, mke wa Metwalli, mwanamke ambaye miaka yote hii sijamsikia akisema zaidi ya “ongeza mkate”, akaweka sahani chini. Akafuta vidole, kimoja kimoja. Akasema:

“Metwalli. Na mimi pia?”

Akavaa viatu.

Feryal akamtazama Insaf. Insaf akamtazama Feryal. Feryal akakusanya mkeka, akamshika mkono, Nihal akabeba mayai, wakaelekea kivukoni. Mimi nikafuata nyuma na kapu la vitunguu. Metwalli kabaki amesimama na aproni yake, mikono wazi. Nilimhurumia. Mimi ndiye namjua alivyokuwa anajisikia, hakuna mwingine pale bustanini aliyejua kama mimi.

Feryal hajaniambia amerudi. Kivukoni nilimuuliza, akasema anamsindikiza Insaf, na Insaf hana pa kwenda ila kwetu. Nikasema karibuni. Basi, sikuongeza kitu.

Sasa wote watatu wako jikoni. Wamegundua nilivyopanga masufuria, wanacheka mpaka wanapaliwa. Insaf anaongea! Anaongea bila kituo, kumbe alikuwa amejaa. Feryal amevua viatu, lakini mkoba wake bado ameuning'iniza begani, anakoroga chai nao begani hivyohivyo.

Na Metwalli yuko chini mtaani. Amevuka na kivuko kilichofuata. Anamwita mke wake, ananiita mimi, anamwita Mungu. Naona madirisha yote yamefunguka. Ameanza tena kuapa, masikini, kila akijaribu kujitoa anazama zaidi. Insaf kasema mwacheni amalize vyote.

Feryal ametoka jikoni. Kaniwekea mbele glasi ya chai, sukari nyingi, anavyoipenda kaka yake.

“Mpelekee,” anasema. “Na kiti. Kaa naye.”

“Nimwambie nini?”

“Usimwambie kitu kwanza. Anywe.”

Kisha akatua mkoba wake juu ya meza, hapa kando ya kitabu hiki, apate kunifungia kifungo cha kola nilichokiruka. Metwalli anapiga mlango wa chini. Chai inapoa. Nashuka.